Mguu wa Breki

Kengele ya mwisho ikishalia, mtu yeyote aliyepita nyuma ya madarasa alimsikia mwalimu wa michezo akigombana na magoti.

"Nyoosha! Goti la kushoto, nyoosha! Nani kakupa kiti hapo ukae?"

Na mwanafunzi aliyekuwa ndani ya duara la saruji, kisahani mkononi, alizunguka, akarusha, na pale pale pa kuachia goti la kushoto likapinda kidogo, kama la mtu anayetaka kukaa halafu akakumbuka hakuna kiti. Kisahani kilipaa, kikayumba, kikaanguka kwenye majani karibu na pale kilipoanguka jana. Mwalimu alishika kiuno, akatazama juu. Kisha akaita mwingine, na huyo mwingine naye akafanya vile vile.

Hebu fikiria. Mmoja akikosea, unasema huyu kichwa kizito. Wawili, unasema wanaigana. Lakini kikosi kizima? Wasichana kwa wavulana, warefu kwa wafupi, wenye bidii na wale waliojiunga na kisahani ili kukwepa kufagia madarasa, wote walikuwa na goti lile lile. Mwalimu alishawaita vichwa maji, akawaomba radhi, akawaita tena vichwa maji.

Wao walimwita Nyuzi, ingawa si mbele yake. Hakuwa na sentensi isiyo na nyuzi za pembe ndani yake. Kisahani kiachiwe kwa nyuzi thelathini na tano. Nyonga itangulie, bega lifuate nyuma kwa nyuzi kadhaa, mwili ujisokote kama nguo inayokamuliwa. Mambo hayo aliyapata kwenye semina ya biomekanika, yaani sayansi ya jinsi mwili unavyozalisha nguvu na kuipitisha kiungo hadi kiungo. Kabla ya semina alifundisha kama alivyofundishwa yeye: rusha kwa nguvu, ikishindikana rusha kwa hasira. Aliporudi alikuwa mtu mwingine. Mkuu wa shule alipotupa karatasi kwenye pipa akakosa, Nyuzi alimweleza, kwa heshima zote, kwamba kifundo cha mkono kilikuwa kimekakamaa.

Somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa la mguu wa breki.

"Mkono haurushi kisahani," aliwaambia. "Mkono ni abiria tu. Gari liko kasi, dereva akanyage breki ghafla, abiria anakwenda wapi?"

"Mbele, Mwalimu!"

"Mbele! Sasa breki yenu ni mguu wa kushoto. Ukinyooka ukakaza, mwili unasimama na mkono unachomoka na kasi yote. Ukipinda, breki imekufa, nguvu imemwagika chini. Mmenielewa?"

"Ndiyo, Mwalimu!"

"Nitazameni mimi."

Aliingia ndani ya duara na ndala mkononi badala ya kisahani, akainama, akazunguka, akaachia. Ndala iliruka ikatoka kwenye wavu uliozingira duara, ikatua mbali, na wanafunzi wakapiga makofi. Walimtazama kwa makini sana. Katika hilo hawakuwa na ukaidi hata chembe.

Enzi za ujana wake Nyuzi alikuwa mrushaji hasa, wa kutajwa chuo kizima. Halafu ikaja pikipiki, ikaja barabara yenye mchanga, ikaja hospitali. Goti lake la kushoto lilifungwa plasta, likafunguliwa, likafungwa tena. Daktari alimwambia litarudi lakini halitarudi lote. Nyuzi alisikia sehemu ya kwanza ya maneno hayo, ya pili akamwachia daktari mwenyewe. Alifanya mazoezi kwa kusaga meno, akaitupa fimbo, akawatangazia watu wote kwamba amepona. Watu wakamwambia hongera, na tangu siku ile hakuna aliyelitaja tena goti lake. Naye alichukulia kimya hicho kuwa ushahidi.

Mwaka huu hasira yake ilikuwa na sababu kubwa zaidi, na sababu hiyo iliitwa Winchi. Alikuwa msichana wa mwaka wa mwisho, mabega mapana, mpole wa kupindukia, aliyepewa jina hilo siku alipobeba meza ya mwalimu peke yake akaivusha mlangoni huku wavulana wakiwa bado wanajadili waishike wapi. Nguvu zake hazikuwa na mfano. Chuo cha michezo kilikuwa kinachagua wanafunzi kupitia mashindano ya mchujo: ukivuka mstari wa kiwango, unasomeshwa bure mpaka mwisho. Usipouvuka, basi. Baba yake Winchi, fundi wa kuchomelea vyuma, alishamalizana naye kwa maneno machache: shule ikiisha, karakana inaanza. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye kazi nyingi na binti mwenye nguvu.

"Mwalimu, mimi nataka kuwa mwalimu wa michezo," Winchi alimwambia siku moja, wakikusanya visahani. "Kama wewe."

Nyuzi alikohoa, akamwagiza aende kufunga stoo. Alipobaki peke yake alipangusa macho, akaapa kwamba binti huyu atauvuka ule mstari hata kama itabidi amsukume.

Basi akaazima simu ya mkewe, yenye kamera nzuri, akaanza kupiga video. Kila mrusho aliurudisha polepole, akaweka kipimapembe cha darasani juu ya kioo cha simu, akapima. Nyonga ya Winchi ilikuwa sawa. Bega lilikuwa sawa kabisa, hata wale wa kwenye semina wangempigia makofi. Halafu linakuja goti. Nguvu yote ile, iliyokusanywa kuanzia kisiginoni ikapanda vizuri kama maji kwenye bomba, ilifika gotini ikavuja.

"Unaliona?" alimwonyesha.

"Naliona, Mwalimu."

"Sasa kwa nini unalikunja?"

"Mimi naona nimenyoosha, Mwalimu. Kama ulivyoonyesha."

"Kama nilivyoonyesha!" Nyuzi alirukwa na akili kidogo. "Mimi nilionyesha hivi? Mimi?"

Winchi alitazama viatu vyake.

Kwenye ofisi ya walimu, mwalimu wa hisabati, ambaye alikidai kipimapembe chake kila siku bila mafanikio, alimtania. "Bwana, wewe na hilo goti mtaoana lini tujue kuchangia?" Walimu wote wakacheka. Nyuzi hakucheka. Alikuwa amefikia hatua ya kuota magoti, tena yanampigia simu.

Ndipo likamjia wazo. Siku iliyofuata alimpa Winchi simu. "Leo wewe unapiga, mimi narusha. Tutaweka video yako na yangu pamoja, uone tofauti kwa macho yako. Usipoiona hapo, basi tena."

Winchi aliipokea ile simu kana kwamba amepewa yai bichi. Nyuzi akaingia kwenye duara, safari hii na kisahani chenyewe, akajipanga, akazunguka. Alijisikia vizuri. Alijisikia kijana. Kisahani kilitoka mkononi kikiimba.

"Umenasa?"

"Nimenasa, Mwalimu. Lakini..." Winchi aliishikilia simu kifuani. "Lakini haikutoka vizuri. Niifute?"

"Ufute nini? Lete hapa."

"Mkono wangu ulitikisika, Mwalimu. Bora niifute tu."

"Lete simu, mtoto."

Aliileta taratibu, na macho yake hayakupanda juu ya kidevu cha mwalimu. Nyuzi hakulitilia maanani. Kengele ya wanamichezo kwenda kunawa ililia, akaondoka na simu mpaka ofisini, akakaa pembeni karibu na dirisha, akabonyeza.

Video haikuwa imetikisika hata kidogo. Mtu mzima mwenye kitambi kidogo aliingia kwenye duara. Alizunguka kwa ustadi, nyonga mbele, bega nyuma, safi kabisa. Halafu mguu wa kushoto ukatua, na goti likapinda, laini, kama la mtu anayetaka kukaa.

Akarudisha. Likapinda. Akarudisha polepole zaidi, akaweka kipimapembe. Kisha akafungua video ya Winchi, akafungua ya mvulana mmoja mrefu, akafungua ya mmoja wa wale watoro wa ufagio. Goti lilikuwa lile lile moja, limegawiwa watoto wote. Miaka yote hii alikuwa anawapigia kelele kwa kumtii.

Aibu ilimpanda. Halafu, ajabu ya binadamu, nyuma ya aibu ikaja hasira, na hasira hiyo haikuwa ya watoto tena, ilikuwa ya kila mtu. Mwalimu wa hisabati mwenye macho ya kuona kosa la desimali, hakuona? Mkuu wa shule? Yule msichana aliyetaka kuifuta? Walikuwa wameona wote, wakamstahi, wakanyamaza kama watu wanavyomnyamazia mtu aliyechanika suruali.

Akaangalia huku na huku. Mwalimu wa hisabati alikuwa anasahihisha madaftari. Nyuzi akaifuta ile video.

Jioni alimkuta mkewe anapiga pasi. Alisimama mlangoni, akajifanya anatafuta chaji.

"Mke wangu. Hivi mimi nachechemea?"

Pasi ilisimama. "Nani kakwambia?"

"Nimeuliza tu."

"Aliyekwambia ni nani? Mtu mzima hana adabu?"

"Hakuna mtu. Nachechemea au sichechemei?"

Mkewe aliligeuza shati upande wa pili, akailaza kola kwa uangalifu mkubwa. "Wewe ulisema umepona," alisema. "Mimi nikasema amina."

Ungedhani basi mtu mwenye elimu yake, aliyehudhuria semina na kupewa cheti, kesho yake angekwenda uwanjani na kuwaambia wanafunzi jambo jepesi kabisa: mguu wangu ni mbovu, msiuige. Maneno hayo hayafiki hata pumzi moja. Lakini jaribu wewe. Nyuzi alitoka nyumbani nayo mdomoni kila asubuhi, na kila jioni alirudi nayo. Mara wavulana wako wengi, mara mwalimu mwingine anapita, mara leo Winchi amechoka, asivunjwe moyo. Visingizio havikumwishia.

Badala yake akaacha kuonyesha. Alisema mgongo unamuuma. Akawafundisha kwa mdomo, kwa picha alizochora ubaoni, kwa mifano ya magari na breki mpaka wakamchoka. Akamfunga Winchi rula nyuma ya goti kwa bendeji ili lisipinde, na kwa rula lilinyooka kweli. Akiifungua tu, linarudi. Mwili wa yule binti ulikuwa umejifunza kwa macho, na alichokiona kwa macho hakikutoka kwa rula.

"Kwa nini hunisikii?" Nyuzi alifoka, siku mchujo ulipokaribia. "Nisemeje tena? Niseme kwa lugha gani?"

"Nisamehe, Mwalimu," alisema Winchi. Alikuwa anatokwa na jasho na machozi kwa pamoja, na alikuwa anaomba msamaha kwa kosa ambalo si lake. Nyuzi alilijua hilo. Alimwacha aombe. Usiku ule chakula hakikumshuka, akajiita majina ambayo hakuwahi kumwita mwanafunzi yeyote, lakini asubuhi akatoka tena akiwa amefunga mdomo.

Mchujo ulifanyika kwenye uwanja mkubwa wa mjini. Waamuzi walivaa kofia nyeupe, makocha wa shule nyingine walijipanga nyuma ya kamba, na mstari wa kiwango ulikuwa umechorwa kwa chokaa kwenye majani, mweupe, unaonekana na kila mtu. Kila mmoja alipewa mirusho mitatu. Nyuzi alivaa kofia yake mpya, akasimama kati ya makocha, wawili kati yao aliwahi kuwashinda zamani. Walimsalimu kwa furaha na kumuuliza habari za familia. Goti hawakuligusa. Walikuwa watu waungwana.

Mrusho wa kwanza wa Winchi uliingia kwenye wavu. Wasiwasi tu. Wa pili ulitoka vizuri, ukapaa, na moyo wa Nyuzi ukapaa nao, kisha goti likapinda na kisahani kikachoka hewani. Kilitua kabla ya chokaa. Si mbali, na hilo ndilo lililouma.

"Ana nguvu huyo binti," alisema kocha mmoja. "Kitu gani kinamharibia pale mwisho? Goti?"

"Goti," alisema mwingine, akamtazama Nyuzi, halafu haraka akatazama pembeni.

Nyuzi aliona macho yale yakikwepa. Joto lilimpanda masikioni. Wasichana waliobaki walikuwa wanaingia mmoja mmoja, zamu ya Winchi inakaribia, naye alikuwa amekaa kwenye benchi, anajipiga piga paja la kushoto kwa ngumi kana kwamba ni mnyama aliyegoma.

Basi Nyuzi akainama akapita chini ya kamba. Mwamuzi akamwambia haruhusiwi, akasema dakika moja tu, mzee mwenzangu. Alitembea mpaka kwenye benchi mbele ya watu wote, na kwa mara ya kwanza alisikia jinsi hatua zake zilivyokuwa hazilingani.

"Mwanangu, acha kuupiga huo mguu. Hauna kosa."

"Nitanyoosha, Mwalimu. Safari hii nitanyoosha."

"Nisikilize. Goti langu mimi halinyooki. Ni bovu tangu ile ajali. Ninyi mmenifuata mimi, mkachukua na ubovu. Hapo unapoona umenyoosha, sipo penyewe. Endelea. Endelea mpaka uhisi mguu umekuwa mti. Usirushe kama mimi, unanielewa? Nisahau kabisa."

Alikuwa amesema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. Nyuma ya kamba makocha walikuwa wakimtazama.

Winchi alimtazama usoni. "Najua kwamba unachechemea, Mwalimu," alisema taratibu. "Sote tunajua, tangu mwaka wa kwanza. Nilichokuwa sijui ni kwamba na kurusha kwako ndiko kuchechemea. Nilidhani ndivyo kisahani kinavyorushwa."

Akaitwa.

Aliingia kwenye duara. Alisimama muda mrefu kuliko kawaida, akaunyoosha mguu wa kushoto mara moja, mara ya pili, akiusikiliza. Kisha akainama na kuzunguka. Nyonga ikatangulia, bega likafuata, mguu wa kushoto ukatua, ukakaza, ukasimama wima kama nguzo. Kisahani kilichomoka. Nyuzi hakuhitaji video wala kipimapembe. Kilikata hewa kimelala vizuri, kikapita juu ya chokaa kikiwa bado kinapanda, kikaenda kutua mahali ambapo mwamuzi wa kupima alilazimika kukikimbilia. Kelele zililipuka uwanja mzima. Nyuzi alikuwa ameruka juu, kwa mguu wake huo huo, na kofia imemdondoka.

Kisha akageuka kumtazama mwanafunzi wake, akaona bendera nyekundu.

Winchi alikuwa nje ya duara. Breki ilikuwa imefanya kazi yake. Kasi yote iliyozoea kumwagikia gotini ilikuwa imempandisha juu na kumtupa mbele, na kwa kuwa haikuwahi kumpata nguvu kama ile, hakuwa amejifunza jinsi ya kuimaliza, kugeuza miguu, kubaki ndani. Hatua moja tu ilivuka ukingo wa chuma. Mrusho ulikuwa batili, na hakuna wa kubishana naye. Wiki mbili za mazoezi, hata moja, zingetosha kumfundisha. Nyuzi alilijua hilo kuliko mtu yeyote pale uwanjani, kwa sababu wiki hizo alikuwa nazo, akazitumia kufunga rula na kuumwa mgongo.

Alimfuata. Alitaka kusema kitu cha nyuzi, cha kasi, cha nyonga. Winchi alikuwa anatazama kule kisahani kilikotua, na usoni mwake kulikuwa na mshangao, karibu furaha, kabla mengine hayajafika.

"Umekiona, Mwalimu? Umeona kilivyokwenda?"

"Nimekiona."

Yale mengine yakafika. Chuo kilikuwa kimekwenda, na mwaka wake ulikuwa wa mwisho, na baba yake alikuwa na karakana. Aliuliza bila hasira, na ingekuwa nafuu kama angeuliza kwa hasira:

"Sasa mbona hukusema mapema?"

Nyuzi alivua kofia ambayo hakuwa nayo kichwani, mkono ukashika nywele. "Niliona haya," alisema. "Hakuna kingine, mwanangu. Niliona haya."

Winchi alikitikisa kichwa polepole, kama mtu anayepokea chenji pungufu na hana nguvu za kudai. Akaokota begi lake. Wakaanza kutembea kuelekea kwenye basi la shule, lililokuwa limeegeshwa mbali, upande wa pili wa uwanja. Yule binti alikuwa na miguu mirefu, lakini alitembea taratibu, hatua fupi fupi, akisimama kidogo kurekebisha mkanda wa begi ambao haukuwa na tatizo lolote. Nyuzi alimtazama akifanya hivyo, na ghafla akakumbuka miaka mizima ya watu waliotembea naye kwenye korido, kwenye ngazi, sokoni, wote wakiwa na mikanda ya kurekebisha.

"Tangulia," alisema.

"Hapana, Mwalimu, tunakwenda wote."

"Tangulia, mwanangu. Tembea kwa mwendo wako."

Winchi alisita, akamtazama kama amekosea kusikia. Halafu akaongeza hatua, na hakupita muda mrefu akawa mbali mbele, na Nyuzi akabaki nyuma anachechemea waziwazi, watu wote wakimwona.